Kunde Zilizogoma Kuiva

Kila Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu Ludlow Springs, Georgia, kazi yangu ilikuwa moja tu: kukaa kwenye meza ya jikoni na kuchagua kunde. Bibi yangu, Earline Mobley, alinimwagia kunde kavu kwenye sinia, nami nikatoa vijiwe, takataka na zile zilizotobolewa na wadudu. Yaliyobaki yote alifanya yeye. Alizilowesha, akakatakata vitunguu, akachemsha bawa la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi, akaonja, akaongeza, akaonja tena. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshatoka zamani, niko barabarani na baiskeli yangu. Nilirudi harufu iliponiita.

Nasema haya mapema ili mjue kiasi cha upishi niliokuwa nao nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Nilijua kuchagua kunde, na nilijua kula kunde. Hapo katikati palikuwa giza tupu.

Jumapili moja ya Novemba, kanisa letu liliandaa chakula cha pamoja baada ya ibada. Bibi alikuwa amelala na mafua, kwa hiyo aliifunga kwa taulo sufuria ya kunde alizopika jana yake na kunipa niende nayo. Siku hiyo hiyo binamu yangu Tavaris alikuwa amepiga ngoma kanisani kwa mara ya kwanza. Kila mtu mzima aliyepita alimpigapiga begani. "Kijana huyu ana mkono," walisema. "Mungu amempa kipaji." Tavaris akaanza kutembea ukumbini kana kwamba jengo lote ni mali yake. Mimi nilisimama pembeni na sahani yangu, na sitaficha, wivu ulinikaba.

Ndipo akaja Bi Verlene Stokes, msimamizi wa jiko la kanisa, akiwa anafuta midomo.

"Kamiyah, kunde hizi kapika nani?"

"Mimi," nikasema.

Neno lilitoka kabla sijaliruhusu. Bi Verlene akanitazama juu mpaka chini. "Wewe?"

"Ndiyo, Bi Verlene. Bibi anaumwa."

Nusu ya pili ilikuwa kweli, nayo ikaibeba nusu ya kwanza mgongoni. Bi Verlene akaita wenzake, wenzake wakaita waume zao, na dakika chache baadaye mimi ndiye niliyepigwapigwa begani. Nakiri kwamba ilikuwa tamu. Nilirudi nyumbani na sufuria tupu, Bibi akauliza kama watu wamezipenda, nikajibu, "Sana," nikaenda kulala.

Sasa, kanisani kwetu tuna desturi. Kila Januari mosi tunakula kunde pamoja, maana kunde huleta bahati, na mtu aliyeanza mwaka bila kunde huyo amejitakia mikosi mwenyewe. Sufuria ni moja, kubwa, na hupikwa na mtu mmoja. Mpishi haombi kazi hiyo. Wanawake wa jikoni hukaa, wakamtaja mtu ambaye mkono wake umewaridhisha. Siku yenyewe, Mama Gaskin, ambaye ana miaka tisini na mmoja na ndiye mkubwa wetu kuliko wote, huonja kijiko cha kwanza, kisha humshika mpishi mkono na kuuombea mbele ya watu. Mama Gaskin mwenyewe aliipika sufuria hiyo miaka thelathini. Baada yake aliipika mama mmoja ambaye mwaka ule alihamia Atlanta kwa wanawe. Nafasi ilikuwa wazi.

Simu ililia katikati ya Desemba. Bibi alikuwa anakunja nguo mezani, kwa hiyo aliipokea kwa spika, nami nikasikia kila kitu.

"Dada Earline, tumekubaliana," alisema Bi Verlene. "Sufuria ya mwaka mpya tunampa Kamiyah. Mtoto mdogo hivi, na zile kunde alizotuletea Novemba. Umemlea mtu, dada yangu."

Mikono ya Bibi ilisimama juu ya shati. Akanitazama kwa juu ya miwani. Mimi nikatazama friji.

"Kunde za Novemba," alisema Bibi polepole.

"Hizo hizo. Alituambia alizipika mwenyewe ukiwa kitandani."

Bibi alilaza mkono wa shati, kisha akasema, "Basi nimefurahi kusikia. Atapika."

Alikata simu, akaendelea kukunja lile shati. Alilikunja vizuri mno.

"Bibi," nikaanza.

"Naam, mpishi."

"Hakuna kitu."

"Haya. Ukiwa na la kuniuliza, mimi sihami nyumba hii."

Nilifikiri hilo ndilo baya zaidi, kwamba Bibi anajua. Kumbe lilikuwepo lingine. Kesho yake Tavaris alinikuta nje nikirusha mpira kwenye goli la kikapu, na alikuja na lile tabasamu lake.

"Nasikia wewe ni mpishi siku hizi."

"Ndiyo. Una neno?"

"Sina. Ila mwaka jana uliunguza mayai ya kuchemsha."

"Maji yaliisha."

"Ndiyo maana nasema." Alidaka mpira, akaushika kifuani, na tabasamu likapungua. "Kamiyah, unajua kwamba bibi yako ameisubiri hiyo sufuria miaka kumi na mitatu? Mama kaniambia. Kila Desemba anakaa karibu na simu. Na mwaka huu kila mtu alijua zamu ni yake, mpaka ulipotokea wewe."

Nilikuwa nimedhani nimejichukulia sifa ndogo tu ya siku moja. Kumbe nilimwibia bibi yangu kitu alichokitamani tangu kabla sijazaliwa, na yeye alikisikia kikichukuliwa huku akikunja nguo zangu.

Mngedhani ningeingia ndani palepale na kusema ukweli. Sikuingia. Nilisema kesho, na kesho ikaleta kesho nyingine, na kila asubuhi aibu ilikuwa imeongezeka uzito. Mwishowe nikajidanganya hata mimi. Nikasema, nikizipika kunde nzuri kweli, basi nitakuwa mpishi kweli, na uongo utajifuta wenyewe.

Jioni ya tarehe thelathini na moja nilichagua kunde, nikazilowesha katika maji mengi. Hapo sikukosea, maana ndiyo sehemu niliyoijua. Saa moja asubuhi nikabandika ile sufuria ya kanisa, kubwa kiasi cha kufunika mafiga mawili ya jiko letu la gesi. Bibi alivuta kiti chake karibu na dirisha, akakaa na kahawa na fumbo lake la maneno.

Nikatia kunde, maji, vitunguu na mabawa ya bata mzinga. Mpaka hapo nilikuwa nakumbuka. Kisha nikasimama na mwiko mkononi, nikijiuliza ni nini kinachofanya kunde za Bibi ziwe kunde za Bibi. Macho yakaangukia chupa ndefu ya siki, ile yenye pilipili ndogo ndani. Kila mara nilipomwona Bibi akila kunde, alizinyunyizia siki hiyo. Nikawaza hivi: ikiwa matone machache kwenye sahani yanaleta utamu ule, je, ikiingia tangu mwanzo na kwa wingi? Nikaona nimegundua siri. Nikamimina nusu chupa.

Bibi akakohoa kidogo pale dirishani. Nilidhani ni mafua yamerudi.

Saa mbili nikaonja kunde moja. Ngumu. Nikasema bado mapema. Saa tatu nikaonja nyingine, ikalia chini ya jino. Nikaongeza moto. Saa nne maji yalikuwa yamepungua, mabawa yalikuwa yamelegea mpaka nyama inaachia mfupa, vitunguu vimeyeyuka, na kunde zilikuwa zimekaa chini kama changarawe. Nikaongeza maji ya moto, nikakoroga, nikaonja, nikakoroga tena. Jasho lilinitoka siku ya baridi.

Simu ikalia. Alikuwa Bi Verlene.

"Vipi huko, mpishi? Nimempitia Mama Gaskin asubuhi. Kakataa hata chai. Anasema tumbo lake lote leo ni la kunde zako."

"Zinaendelea," nikasema, na sauti ikakatika.

Nilipoiweka simu chini, maji yalikuwa yamenifika shingoni. Watu mia moja wangekaa mezani saa saba. Bikizee wa miaka tisini na mmoja alikuwa amekaa na njaa akinisubiri mimi. Na mita mbili kutoka nilipokuwa alikuwepo mtu aliyejua la kufanya, na nilichotakiwa ni kufungua mdomo. Nikageuka.

"Bibi, kunde hazitaki kuiva."

"Naziona."

"Na za Novemba sikupika mimi." Machozi yalianza hapo. "Nilisema uongo. Sufuria hii ni yako, nimekuibia, halafu nimeiharibu, na watu wanakuja."

Bibi aliweka kalamu chini. "Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Hujamaliza. Kuna neno moja limekukaa kooni tangu ile simu. Litoe."

Nilifuta pua kwa mkono wa sweta. Nilitafuta neno gani tena limebaki, na nilipoliona nilishangaa kwamba ni dogo hivyo.

"Sijui kupika kunde," nikasema. "Naomba unifundishe."

Bibi alikuwa amesimama kabla sijafika mwisho wa sentensi.

"Siki umetia lini?"

"Mwanzoni."

"Nilikuona. Siki inakaza ganda la kunde. Ikikutana nayo kabla haijaiva, utachemsha mpaka Pasaka. Siki ni ya mezani, mjukuu wangu. Lete lile chujio kubwa. Usilie juu ya sufuria, sitaki chumvi ambayo sijaipima."

Nikacheka katikati ya kilio. Kazi ikaanza. Tukatoa mabawa na kuyaweka kando, tukamwaga yale maji makali, tukaziosha kunde mara tatu mpaka harufu ya siki ikaondoka. Bibi akanifanya nichemshe maji mapya, nizirudishe, kisha nitie nusu kijiko cha magadi meupe ya kuokea. Povu likapanda mpaka mdomoni mwa sufuria.

"Liengue. Sasa kaanga kitunguu kipya na kitunguu saumu, hivi vya kwanza vimekufa kwa kazi yako. Chambua nyama, tupa mifupa. Chumvi bado."

"Mbona bado?"

"Nyama ya moshi imekuja na chumvi yake. Utajuaje mgeni kaja na nini kabla hujafungua mzigo wake? Onja kwanza."

Nilionja. Aliniuliza kimekosekana nini, nikasema sijui, naye akasema, "Vizuri, onja tena." Mwiko aliushika mara moja tu, kunionyesha jinsi ya kukoroga toka chini bila kuzivuruga. Mengine yote alinifanyisha mwenyewe. Kwa mara ya kwanza nikajua kwamba ile miaka yote nilipokuwa kwenye baiskeli, humu jikoni kulikuwa na mtu anafanya kazi.

Saa sita na robo nilichukua kunde moja, nikaiweka kwenye ulimi na kuibana kwenye kaakaa. Ilipasuka laini, nzito, na utamu wa moshi ukajaa mdomoni. Nilimtazama Bibi. Yeye naye alionja, akafumba macho, akaanza kucheza pale pale jikoni na ndala zake, hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto. Nikaingia nami, tukacheza wote wawili mpaka mfuniko ukaanguka.

Tulipokuwa garini, sufuria ikiwa imefungwa blanketi kiti cha nyuma, nilimuuliza, "Bibi, mbona hukunizuia nilipomimina siki?"

"Ungenisikiliza?"

Nilifikiri kidogo. "Hapana."

"Basi. Nilijua zinaokoka, na saa nilikuwa naitazama. Ningeona haziokoki ningesimama, maana sikutaka kanisa zima lilale njaa kwa kiburi cha mtu mmoja." Alikata kona kuelekea kanisani. "Kunde tumezilainisha. Lakini huko ndani kuna jambo moja ambalo magadi hayalilainishi."

"Najua," nikasema. "Nitalisema mwenyewe."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kulikuwa na sukuma wiki iliyopikwa ikalegea, wali, mkate wa mahindi wa moto, kuku, viazi vitamu. Mama Gaskin alikuwa mbele kabisa, amevaa kofia ya zambarau, kijiko tayari mkononi. Bi Verlene akainua mkono watu wanyamaze.

"Mwaka huu," akasema, "mpishi wetu ndiye mdogo kuliko wote tuliowahi kuwa nao."

Nikasogea mbele.

"Bi Verlene, samahani. Kunde za Novemba zilipikwa na bibi yangu. Nilisema ni mimi kwa sababu Tavaris alisifiwa na mimi nikataka nisifiwe. Hizi za leo nilizitia siki zikagoma kuiva, ndipo Bibi akanifundisha kuziokoa. Sufuria hii ilikuwa yake tangu mwanzo. Naomba mnisamehe, na naomba mumwite yeye."

Niliona uso wa mama yake Tavaris, niliona Bi Verlene amefungua mdomo bila neno. Kisha sauti nyembamba ikatoka chini ya kofia ya zambarau.

"Binti, umemaliza kutubu?"

"Ndiyo, Mama Gaskin."

"Basi pakua. Kunde zinapoa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikapumua. Nilimpakulia. Mama Gaskin alikula kijiko cha kwanza polepole, akala cha pili, ambacho si desturi, akala na cha tatu. Kisha akageuza kichwa.

"Earline, umekuwa wapi miaka yote hii?"

"Hapo safu ya tatu, Mama," akajibu Bibi.

Watu wakacheka tena, ila Bi Verlene alikuwa amekunja uso kwa aibu. "Dada Earline, kwa nini hukuniambia kwenye simu?"

"Halikuwa langu kusema," alisema Bibi. "Nilikuwa namsubiri mwenyewe."

Mama Gaskin akamshika Bibi mkono wa kulia, akauweka kati ya mikono yake miwili, akauombea. Aliutaja kila mlo ambao mkono ule uliwahi kupeleka kwa mgonjwa, kila sufuria iliyoingia nyumba ya msiba. Bibi alilia, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia. Nilisimama pale na mwiko wangu, hakuna aliyenitazama, na nilikuwa na furaha kuliko ile Jumapili ya Novemba waliponitazama wote.

Baadaye, mezani, Tavaris alikaa karibu nami na sahani iliyojaa.

"Kwa hiyo ulinionea wivu."

"Kula."

"Nauliza tu. Nataka nisikie vizuri."

"Kula, Tavaris."

Bibi alivuta kiti upande wa pili. Alizinyunyizia kunde zake siki, akanitazama nione kwamba ni sasa, mezani, kisha akala vijiko viwili.

"Kamiyah, kuiba sifa ya mtu ni kuiba, hata kama hakuna mlango uliovunjwa," alisema. "Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na leo umeona ilivyokuvuka. Lakini nikwambie lililoniuma zaidi. Wiki zile zote nimekaa hatua mbili kutoka kwako, na uliona heri kuharibu chakula cha watu mia kuliko kusema hujui. Kuuliza si ujinga. Mjinga ni yule anayejifanya anajua, maana huyo hafundishiki. Ukiweza kusema kweli na ukaweza kusema sijui, hakuna jiko, hakuna shule, hakuna kazi itakayokushinda."

Niliitikia kwa kichwa. Nilichukua kipande cha mkate wa mahindi, rangi ya dhahabu, kikavu nje na laini ndani, nikakigeuza mkononi. Nilikuwa nimekula mikate ya namna hiyo maisha yangu yote.

"Bibi," nikasema, "mkate wa mahindi unapikwaje?"

Bibi aliacha kutafuna. Kisha akacheka mpaka ikabidi avue miwani aifute, akaniambia nisogeze kiti karibu.